Karatasi ikisema «FR pozitifu», na viungo haviumi

Ulizo la juma hili tunalisikia sana tukikaa pamoja kisha soko. Mama amepimwa damu kwa sababu ya uchovu, karatasi imerudi na maneno «FR pozitifu». Jirani anamwambia: huo ni rumatizimu, vidole vitapinda. Lakini vidole vyake havijavimba hata siku moja. Aanze dawa?

Tuelewe kwanza. FR, faktari rumatoidi, ni askari wa damu anayewashika askari wenzake. Muganga Erik Waaler wa Norwe aliandika juu yake mwaka 1940. Anaonekana kwa watu 7 ao 8 kati ya 10 wenye rumatizimu ya kupinda viungo. Lakini anaonekana pia kwa wazima, zaidi wazee, na kwa wenye malaria, kifua kikuu, hepatiti B ao C, kaswende, hata kichocho.

Tuhesabu kama mafungu ya samaki wa Kasenyi. Tuseme wamama 1000 wamepimwa, na 10 wana ugonjwa huo: 8 watatoka pozitifu. Kwa 990 wasio nao, hata tukiweka 5 tu kwa kila 100, ni karibu 50. Karatasi 58, wagonjwa 8.

Kwa hiyo tuangalie mwili. Je, viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba kupita majuma 6? Asubuhi mikono inakaza saa nzima? Kama ndiyo, enda kwa muganga upesi, hata kama FR ni negatifu. Kama hapana, karatasi peke yake si ugonjwa. Tafuta kinachochosha mwili: kikohozi cha kupita majuma 2, homa, macho ya manjano, damu katika mkojo ao choo. Mweleze muganga hayo yote.

Tusinunue prednizoloni ao deksametazoni sokoni kwa sababu ya karatasi. Zinapandisha tansiyo na sukari, zinalegeza mifupa, na zinaupa kifua kikuu nafasi. Aliyekwisha kuzimeza majuma mengi asiache kwa ghafula. Muganga atampunguzia polepole. Na mwenye mimba aseme mapema, maana metotreksati, dawa ya ugonjwa huo, inaharibu mimba.

Karatasi yako itunze. Siku viungo vikianza kuvimba, uende nayo.