Maua ya Kwetu Yaitwapo Magugu

Tangu Eldoret ikabidhiwe hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, mazungumzo juu ya kuupamba mji huu, ambao wazee waliuita Sisibo kutokana na nambari 64 ya shamba la walowezi, yamepamba moto. Mimi niliye mwalimu nimesikia mengi kuhusu nyasi na maua. Swali ambalo sijasikia likiulizwa ni hili: maua hayo yatanyweshwa maji gani?

Ni kweli kwamba uwanda huu wa Uasin Gishu, ulio takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua kuliko sehemu nyingi za Kenya. Lakini kati ya Desemba na Machi mbingu hufunga, na vumbi likatawala. Maji ya bwawa la Chebara husafiri kutoka Elgeyo Marakwet, yakasafishwa kwa gharama, kisha sisi tukayamwaga juu ya nyasi.

Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi waliamrishwa kila Ijumaa ya Februari waje na mtungi wa lita 5 kutoka nyumbani. Maji hayo yalinyweshea bustani iliyokuwa mbele ya afisi ya mwalimu mkuu, ilhali vyoo havikuwa na tone. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Niliihesabu mitungi ile nikanyamaza, na hadi leo jambo hilo hunichoma. Nyuma ya darasa, penye mawe, shubiri zilikuwa zimechanua pasipo mtu kuzipa hata kikombe. Ziling'olewa kwa kuwa, tuliambiwa, ni magugu.

Ustahimilivu wa shubiri una sababu. Huweka akiba ya maji katika majani yake manene, na vitundu vyake vya kuvutia hewa hufunguka usiku, wakati jua halipo la kuyaiba. Gladiola ya porini hunyauka kabisa juu ya ardhi, ikaingojea mvua ndani ya kiazi chake. Gloriosa, yenye maua mfano wa ndimi za moto, hufanya vivyo hivyo. Lakini kiazi chake kina sumu kali, nami singeipanda asilani penye watoto.

Sina ugomvi na mimea ya kigeni. Bogenvilia ilitoka Brazili na huvumilia kiangazi vizuri. Kinachoniudhi ni dharau yetu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala huko Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara. Likaitwa Saintpaulia kwa jina lake, na sasa linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Je, ni Wakenya wangapi walilo nalo?

Sisemi watu waingie porini na majembe. Uvunaji wa shubiri za porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, na ngano na mahindi vimekwisha kuyameza malisho mengi yaliyokuwa makao ya maua haya. Omba chipukizi kwa jirani, au kusanya mbegu chache. Panda mvua zianzapo, na mwaka wa kwanza unyweshe kidogo. Anayekwambia mche hauhitaji maji kabisa anakudanganya. Tena hapa Eldoret adui mkubwa wa shubiri si Februari, bali ni mvua za Julai na Agosti, ambazo huozesha mizizi. Inua tuta la mawe na mchanga, maji yasituame.

Zangu ni nane, kando ya lango. Januari hii ndege aina ya chozi walizizunguka tangu alfajiri, nao wanafunzi wapitao hapo husimama kuwatazama. Mikononi wana vitabu tu.