Msituletee dubu wa barafu kabla ya mbung'o

Watoto wawili wa kikundi changu waling'oa kitambaa cha bluu kilichochomekwa kwenye kijiti kando ya kijito, huku kwetu Koboko. Wakakileta kambini wakicheka. Mmoja alitaka kumshonea mwanasesere wake gauni. Nikamwuliza, "Unajua hiki ni nini?" Akasema, "Ni nguo tu, ticha. Imetupwa."

Haikutupwa. Ule ni mtego wa mbung'o: kipande cha kitambaa cha bluu na kipande cha neti nyeusi, vimetiwa dawa. Mbung'o anavutwa na rangi ya bluu, anakuja, anagusa, anakufa. Mitego hii midogo imewekwa kando ya mito ya Arua, Koboko, Maracha na Yumbe, nayo imesaidia sana kupunguza malale. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina ya malale iliyoko huku West Nile si tena tatizo la afya ya umma Uganda. Si tatizo tena, lakini mbung'o bado yupo. Mtego uking'olewa, yeye anafurahi.

Niliwanawisha mikono kwa sabuni, tukampelekea mhudumu wa afya wa kijiji kile kitambaa. Lakini hasira yangu haikuwa kwa watoto. Wiki ileile walikuwa wamenisomea kitabu kizima cha dubu mweupe anayeishi kwenye barafu. Wanajua kwa nini ana manyoya mazito. Wanajua watoto wake wanazaliwa wapi. Mbung'o anayewauma mtoni hawamjui.

Kosa ni letu sisi wakubwa tunaochagua. Tuseme ukweli, hatuchagui. Boksi linafika, tunapiga makofi, tunapiga picha, tunapanga vitabu kwenye rafu. Nani anafungua kimoja kimoja na kuuliza kitamfaa nini mtoto wa Lobule au wa Imvepi? Ukiuliza unaambiwa ati mkimbizi hachagui. Wazee wetu walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Sisi tunaombea chungu chetu, na tunajua kinachopikwa ndani.

Wengine watasema mbung'o hana utamu wa hadithi. Jamani! Mbung'o hatagi mayai kama inzi wengine. Mama anabeba buu mmoja tu tumboni, anamlisha kwa aina ya maziwa humo humo ndani, halafu anamzaa, na buu anajichimbia kwenye udongo mpaka awe mbung'o kamili. Niambieni ni mtoto gani wa miaka saba atasinzia akisikia habari ya inzi mwenye mimba.

Wenzetu wa upande wa Arua wanaishi mahali panapoitwa Rhino Camp. Jina lenyewe ni la kifaru. Kifaru mweupe wa kaskazini aliishi West Nile hii, na hifadhi ya Ajai ilitengwa kwa ajili yake. Uganda aliisha katika miaka ya 1980. Porini alidumu zaidi Garamba, kule Kongo tulikotoka wengi wetu, na huko nako majangili wakammaliza. Sasa wamebaki wawili tu duniani, mama na binti yake, Najin na Fatu, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Mtoto anaandika "Rhino Camp" kwenye daftari kila siku, na hakuna aliyempa kitabu cha kumwambia kwa nini.

Mfanyakazi mmoja wa shirika aliniambia, "Kaka, mnataka kumfungia mtoto kambini? Anapaswa kuijua dunia." Ana haki, nusu. Dubu simchomi moto. Abaki kwenye rafu. Lakini manyoya ya dubu yanaeleweka vizuri zaidi kwa mtoto aliyekwisha kuangalia mbuzi wetu na kuuliza kwa nini nywele zake ni fupi. Na mtoto asiyekuta kitabuni hata mdudu mmoja wa kwao anajifunza kitu kingine kimya kimya: kwamba sayansi ni mambo ya watu wa mbali.

Basi nina maswali matatu kabla kitabu hakijapanda rafuni. Kwanza, mtoto anaweza kutoka nje akahakikisha? Kumbikumbi, kinyonga, siafu, wote wapo mlangoni. Pili, kinasema ukweli? Hadithi za Sungura ni mali yetu, zisomwe, lakini zikae rafu yake. Bundi si mchawi. Anakula panya wanaokula mahindi yetu, na sisi tunampiga mawe. Tatu, kiko kwa lugha gani? African Storybook wana vitabu vya Kiswahili na vya Kilugbara, na leseni yao inaruhusu kunakili na kutafsiri bure. Kinachokosekana ni karatasi na wino.

Ninyi mnaoleta maboksi, kabla ya lile linalofuata njooni tukae: mama mmoja, mwalimu mmoja, watoto wawili, tufungue pamoja. Nusu ya pesa ya usafiri ichapishe vya hapa. Cha kwanza ninachokitaka kina kurasa kumi na mbili tu na mbung'o kwenye jalada. Maneno nimeshayaandika. Anayejua kuchora aje Jumamosi.