Shahada Si Lango la Pekee

Kabla sijasema nililo nalo moyoni, hebu nikuulize swali. Ukipata alama ya C- katika mtihani wa kidato cha nne, je, maisha yako yamekwisha?

Kwetu Bulla Pesa wengi watakujibu, "Ndiyo, yamekwisha!" Kaka yangu mkubwa alipata C-, na chuo kikuu kinataka C+ kwenda juu. Siku ile nyumba yetu ilikuwa kama yenye matanga. Mzee akauza ng'ombe wawili ili kaka arudie mtihani. Akarudia, akapata C- ile ile! Ng'ombe wakawa wamekwenda na shahada haikuja. Kaka akapewa pikipiki ya mtu, akawa mwanabodaboda kwa miaka miwili. Jioni alipeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, naye akabaki na vumbi tu.

Siku moja alibeba abiria mwenye furushi la waya. Kumbe alikuwa fundi wa mitandao ya tarakilishi! Kaka akamngoja, akamshikia ngazi, akauliza maswali chungu nzima. Fundi yule hakuwa na shahada bali stashahada. Basi kaka akajiunga na chuo anuwai kule Meru, na alama aliyoingilia ni ile ile C- iliyotuliza.

Maoni yangu ni haya: tunawapotosha vijana tunapowaambia kwamba bila miaka minne ya chuo kikuu hakuna kazi ya maana. Tazama kazi hii ya mitandao. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kupata intaneti. Mwaka huo nyaya zilizolazwa chini ya bahari zikafika Mombasa. Ugatuzi nao ulipoanza mwaka 2013, Isiolo ikapata ofisi za kaunti. Ofisi, benki na hospitali zote zinahitaji mtu wa kuvuta waya, kufunga ruta na kugawa anwani za mashine. Mtandao ukikatika hospitalini, nani atamwuliza fundi kama aliwahi kuvaa kofia ya mahafali?

Msinielewe vibaya lakini. Sisemi kazi hii ni ya wavivu, la hasha! Kaka alinionyesha hesabu zake nikashika kichwa. Una anwani 256, uzigawe mafungu manne: kila fungu lina 64, lakini mbili hazipewi mashine, kwa hivyo zinabaki 62. Fungu moja la maabara, jingine la walimu, jingine la maktaba, la nne la ofisi. Aliyekimbia Hisabati darasani ataikuta inamngoja huko.

Tena kuna gharama. Mtihani wa CCNA wa kampuni ya Cisco, ambao mafundi wengi huutafuta, haukudai shahada uufanye. Lakini ada yake ni dola 300, karibu shilingi elfu arobaini, na cheti chake hudumu miaka mitatu tu, kisha ujipime upya. Isitoshe, matangazo mengine ya kazi bado yanadai shahada. Kaka mwenyewe alianza kwa vibarua, leo yupo kazini, kesho hayupo. Sasa ana kazi ya kudumu, na akitaka shahada baadaye, stashahada yake itamfungulia mlango. Njia ni ndefu, ila angalau anatembea.

Wazazi wetu, kabla hamjauza mnyama wa mwisho, mwulizeni mtoto anaweza nini, si jirani atasema nini. Walimu wetu wapendwa, siku ya kuzungumzia kazi mtualikie fundi pia, si daktari na wakili peke yao. Na chumba cha tarakilishi, tafadhalini, kifunguliwe Jumamosi. Programu ya Packet Tracer hutolewa bure, na mtu hujifunza kuunganisha ruta na swichi ndani ya tarakilishi moja tu, bila kununua hata waya. Sisi wa kutwa tutakuja kwa miguu, hatutaki basi.

Mimi ni msichana, na nyanya ameshaniuliza nani atamwoa msichana anayepanda ngazi na waya mabegani. Nilimjibu, "Nyanya, atakayekuja nitamwambia anishikie ngazi." Alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nikipata C+ nitafurahi, nikipata C- sitajifungia chumbani kulia. Nawe usijifungie, rafiki yangu. Shamba ni kubwa.