Daftari la Wiki: Mtoto Wetu Katika Hesabu za Frankfort

Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky nchini Marekani, ni mji wa watu wasiofika 30,000, umejikunja kwenye kona ya mto. Ukitoka Louisville kwa gari unafika kwa muda wa saa moja hivi. Huko ndiko wabunge 100 na maseneta 38 hukutana kila Januari, siku 60 za vikao katika miaka shufwa na siku 30 katika miaka witiri. Karibu kila jambo linalomgusa mwanafunzi huamuliwa pale: fedha za darasa lake, simu iliyo mfukoni mwake, hata masharti ya kazi ya profesa anayemfundisha dada yake chuo kikuu.

Katika Louisville na Lexington, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa zaidi majumbani baada ya Kiingereza na Kihispania. Wazungumzaji wengi ni familia za Kongo, na si wachache waliopitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watoto wao wanasoma shule za umma. Kwa hiyo wiki hii nafasi yote ya daftari nawapa wazazi hao na miswada ya elimu ya jimbo lao, ya zamani na ya karibuni.

Hukumu ya 1989

Ibara ya 183 ya katiba ya Kentucky, katiba ya mwaka 1891, inaliagiza bunge kuweka mfumo wa shule za umma unaofanya kazi vizuri katika jimbo zima. Kwa karibu miaka mia moja agizo hilo lilibaki kwenye karatasi. Wilaya za shule za milima ya mashariki, penye migodi ya makaa ya mawe na nyumba za thamani ndogo, zilikusanya kodi ndogo ya majengo, na shule zao zikawa za kiasi hichohicho.

Mwaka 1985 wilaya 66 zilizokuwa na hali ngumu zaidi ziliungana kwenda mahakamani. Tarehe 8 Juni 1989, Mahakama ya Juu ya Kentucky ikatoa hukumu iliyotikisa Marekani nzima. Jaji Mkuu Robert Stephens na wenzake hawakuishia kwenye mgawo wa fedha. Walisema mfumo wote wa shule za jimbo, pamoja na sheria zilizouunda, unakwenda kinyume cha katiba. Bunge likaamriwa kuanza upya. Majaji wakataja na mambo saba ambayo kila mtoto anastahili kutoka nayo shuleni, kuanzia uwezo wa kujieleza kwa mdomo na kwa maandishi hadi matayarisho ya kutosha kwa chuo au kazi. Mwaka 1990 bunge likapitisha sheria mpya ya elimu.

Naitaja hukumu hii kwanza kwa sababu wazazi wetu wengi huishukuru shule kana kwamba imewapa msaada. Shukrani ni tabia njema. Lakini kiti cha mwanao darasani ni deni ambalo jimbo linadaiwa kwa katiba yake lenyewe, na hukumu hiyo ilipozungumza juu ya kila mtoto haikumbagua kwa mahali alipozaliwa.

Mtoto mmoja, dola ngapi?

Sheria ya 1990 ilileta kanuni ya kugawa fedha iitwayo SEEK. Kwa mwaka wa shule wa 2025–26, kiwango cha msingi ni dola 4,586 kwa kila mwanafunzi. Wilaya huchangia sehemu kutokana na kodi zake na jimbo hujazia, hivyo wilaya maskini hupata zaidi kutoka Frankfort. Juu ya msingi huo kuna nyongeza. Mtoto wa familia ya kipato cha chini anayestahili chakula cha bure huongezewa asilimia 15. Mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza huongezewa asilimia 9.6, yaani kama dola 440.

Kwa hiyo binti aliyetoka Nyarugusu mwaka jana, ambaye bado anatafuta maneno ya kumjibu mwalimu, ameingia shuleni na fedha zake. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu kabisa: fedha hizo zinamlipa nani? Kuna mwalimu wa lugha kwa ajili ya watoto hawa? Anakaa nao saa ngapi kwa wiki?

Liko pia jambo ambalo mzazi anaweza kulifanya mwenyewe. Hesabu ya SEEK hufuata wastani wa mahudhurio. Mtoto anayebaki nyumbani ili awaangalie wadogo zake, au amsindikize mama hospitali kama mkalimani, anapoteza somo, na shule yake inapoteza sehemu ya fedha. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kwa SEEK hilo ni kweli hadi senti ya mwisho.

Kaunti zote 120

Tarehe 5 Novemba 2024, pamoja na kura ya urais, wananchi wa Kentucky waliulizwa kama wakubali kubadili katiba ili bunge liruhusiwe kutumia fedha za umma kwa elimu iliyo nje ya shule za umma. Miaka miwili kabla, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikuwa imeifuta sheria iliyotoa nafuu ya kodi kwa wanaochangia karo za shule binafsi. Kilichobaki kwa waungaji mkono kilikuwa kuigusa katiba yenyewe.

Walioliunga mkono pendekezo walisema mzazi apewe uchaguzi, na hoja hiyo haistahili dharau. Mzazi ambaye shule ya mtaani kwake imemshinda anataka mlango mwingine, na anautaka leo. Waliolipinga walisema kaunti nyingi za mashambani hazina shule binafsi ya kuchagua, hivyo fedha zingetoka kwao na kwenda mijini. Jibu la wapiga kura lilikuwa wazi: karibu asilimia 65 walikataa, na pendekezo likashindwa katika kila kaunti kati ya kaunti 120. Siku hiyohiyo Donald Trump alishinda jimbo hilo kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Maana yake ni kwamba maelfu kwa maelfu ya watu waliomchagua Trump na chama chake cha Republican waliikataa sera ya shule ambayo viongozi wa chama hicho waliipigia debe. Ikifika kwenye shule ya mtaa, mtu hupiga kura kama jirani. Siasa za kitaifa na za vyama hazifiki mbali namna hiyo.

Muswada wa majitaka

Machi 2018 kulikuwa na muswada mfupi wa kurasa 11 juu ya huduma za majitaka, SB 151 (yaani muswada wa Seneti namba 151). Tarehe 29 ya mwezi huo, kamati iliyafuta maneno yote ya majitaka na kuweka mahali pake kurasa 291 za kubadili pensheni za watumishi wa umma, walimu wakiwemo. Siku hiyohiyo nyumba zote mbili zikaupitisha. Kesho yake walimu wengi hawakufika kazini, na shule katika kaunti kadhaa zikafungwa. Gavana Matt Bevin akatia sahihi Aprili.

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andy Beshear, alikwenda mahakamani. Katiba inataka kila muswada usomwe mara tatu, kwa siku tatu tofauti, katika kila nyumba ya bunge. Desemba 2018 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo: usomaji uliofanyika ulikuwa wa majitaka, na pensheni hazikuwa zimesomwa inavyotakiwa. Mwaka uliofuata Beshear aligombea ugavana akiwa na mwalimu, Jacqueline Coleman, kama mgombea mwenza, akamshinda Bevin kwa kura 5,000 na ushee.

Sharti la siku tatu liliwekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Linampa dereva wa basi na mama anayepanga bidhaa ghalani usiku nafasi ya kusikia, kuuliza na kupiga simu kabla jambo halijafungwa. Muswada unaopita kwa saa chache humnyima nafasi hiyo raia mwenye shahada, sembuse mgeni anayesubiri mwanawe arudi ili amsomee barua.

Kampasi na sheria zake

Chuo cha Berea kilianzishwa mwaka 1855 na mhubiri John G. Fee, mpinzani wa utumwa, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kikafundisha weusi na weupe pamoja. Mwaka 1904 mbunge Carl Day aliliongoza bunge la Kentucky kupitisha sheria iliyokataza jambo hilo. Berea walikata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa mwaka 1908. Jaji John Marshall Harlan, mzaliwa wa Kentucky, alipinga uamuzi wa wenzake. Berea wakachangisha fedha, na mwaka 1912 shule ya weusi iitwayo Lincoln Institute ikafunguliwa. Mwaka 1949 mwalimu wa Louisville, Lyman T. Johnson, aliishinda kesi yake dhidi ya Chuo Kikuu cha Kentucky, na wanafunzi weusi wakaanza kuingia. Bunge lilikuja kuilegeza sheria ya Day mwaka 1950.

Machi 2025 bunge hilohilo lilipitisha HB 4 (HB ni muswada wa Baraza la Wawakilishi), inayovitaka vyuo vikuu vya umma kufunga ofisi na programu za kukuza mchanganyiko wa watu na usawa. Beshear, sasa akiwa gavana, alitumia kura ya turufu. Katika Kentucky turufu huvunjwa kwa wingi wa kawaida tu, wabunge 51 na maseneta 20, na Republican wana zaidi ya robo tatu katika kila nyumba. Ikavunjwa. Hata kabla ya sheria hiyo, Chuo Kikuu cha Kentucky kilikuwa kimeivunja ofisi yake Agosti 2024. Sheria nyingine ya 2025, HB 424, inataka maprofesa wapimwe utendaji angalau kila miaka minne, na anayeshindwa anaweza kuondolewa hata kama ana ajira ya kudumu.

Waliotetea HB 4 walisema ofisi hizo zilikula fedha na kuwatenga wanafunzi kwa rangi. Sisemi kwamba HB 4 ni sheria ya Day. Hakuna anayefungiwa mlango wa darasa. Ninachosema ni kwamba mtoto wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo kikuu huhitaji mtu anayejua kwamba wazazi wake hawawezi kumweleza fomu ya msaada wa karo, na wala hilo si aibu. Ofisi ikifungwa, shida hiyo inabaki. Chuo kinachotii sheria bado kinaweza kumweka mtu wa kumpokea mwanafunzi wa namna hiyo, awe mweusi kutoka Bukavu au mweupe kutoka milima ya makaa ya mawe. Wazazi na wahitimu wakidai hilo kwa sauti, si rahisi kuwakatalia.

Kwa ufupi

HB 208 ya 2025 inazitaka wilaya zizuie matumizi ya simu wakati wa masomo. Naiunga mkono. Mtoto anayejifunza lugha mpya anaihitaji sana ile dakika ya kuzungumza na jirani yake, ambayo simu huila.

SB 181, ya mwaka huohuo, inazuia walimu na makocha kuwatumia wanafunzi ujumbe wa faragha nje ya njia zinazofuatilika, isipokuwa mzazi ameridhia kwa maandishi. Ni ulinzi mzuri. Ila ridhaa isiyoeleweka si ridhaa, hivyo fomu ikija kwa Kiingereza, omba ielezwe kwa Kiswahili kabla hujaweka sahihi. Sheria ya shirikisho ya 1974 juu ya fursa sawa za elimu inazitaka shule ziondoe vizuizi vya lugha.

Katika jimbo jirani la Tennessee, Aprili 2025, Seneti ilipitisha muswada wa kuziruhusu wilaya kuwatoza karo au kuwakataa watoto wasio na hati za ukaazi. Ulikwama katika Baraza la Wawakilishi. Tangu 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani imeamua kwamba watoto hao hawawezi kunyimwa shule ya umma. Waliouandika muswada huo walitaka uamuzi huo uangaliwe upya, kwa hiyo tusidhani mambo yamekwisha.

Kura ya asiye na kura

Mara nyingi nasikia wazazi wakisema: sisi si raia bado, tutafanya nini? Jibu limo katika sheria ya 1990. Shule nyingi za Kentucky zina baraza lenye mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili. Wazazi hao huchaguliwa na wazazi wenzao, na kinachokupa kura ni mwanao kuandikishwa pale. Shule yenye angalau asilimia 8 ya wanafunzi wa jamii za wachache lazima iwe na mjumbe wa jamii hizo barazani.

Nguvu za mabaraza hayo zimepunguzwa. SB 1 ya 2022 iliyahamisha maamuzi ya mtaala kwenda kwa mkuu wa shule za wilaya, na turufu ya gavana ikavunjwa pale pia. Lakini baraza bado lipo, mkuu huyo anatakiwa kushauriana nalo, na mikutano yake iko wazi.

Bunge nalo lina simu ya bure ya kumwachia mbunge ujumbe, na vikao huonyeshwa na televisheni ya umma ya KET. Hakuna anayeulizwa pasipoti kabla ya kumpigia simu mbunge wa mtaa wake. Wazazi kumi wa shule moja wakipiga simu juu ya muswada mmoja, kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika, ofisi hiyo itajua kwamba shule hiyo ina wenyewe. Basi uliza mwezi huu uchaguzi wa baraza la shule ya mwanao ni lini. Siku ikifika, nenda na jirani yako, mpige kura, na mmoja wenu agombee.