Usimhubirie mwalimu aliyechoka

Leo nakualika tumtazame mtu tunayemkabidhi watoto wetu karibu kila siku ya juma: mwalimu. Tumtazame akiwa kisiwani Pemba, kwa sababu huko mzigo wake unaonekana kwa macho.

Pemba imezungukwa na visiwa vidogo vyenye watu: Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza. Mwalimu asiyelala huko huvuka maji kwenda kazini na kurudi, na upepo wa kusi haungojei kengele ya shule. Kwa miaka mingi shule nyingi zimesomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa kuwa watoto ni wengi kuliko vyumba. Serikali ya Zanzibar imejenga shule za ghorofa ili kuuondoa utaratibu huo, na hilo ni la kushukuru. Lakini ghorofa haisahihishi madaftari usiku. Msimu wa karafuu ukifika, baadhi ya madawati hubaki wazi, na matokeo yakiwa mabaya anayeulizwa ni mwalimu, si aliyempeleka mtoto shambani. Ongeza hapo mkopo wa kausha damu, na familia iliyobaki ng'ambo ya bahari.

Mtu wa namna hiyo akianza kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kuchukia hata sauti za watoto aliokuwa akiwapenda, sisi humwambia nini? Majibu yetu ni mawili. La kwanza: ualimu ni wito, vumilia. La pili: ongeza sala.

Neno wito ni takatifu, nami kama padre nimeishi ndani yake. Lakini mara nyingi tunalitumia kumnyamazisha mtu anayetuambia kuwa ameelemewa. Aliyeitwa na Mungu bado ana mgongo unaouma na akili inayochoka.

Fungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya ametoka kushinda mlimani Karmeli, mbele ya taifa zima. Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtwae afe. Nani atathubutu kusema nabii yule alipungukiwa imani? Malaika aliyetumwa kwake hakuja na mahubiri. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili kumlisha, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake.

Baada ya hapo, kule Horebu, Mungu alimwuliza anafanya nini pale, akamsikiliza akitoa malalamiko yaleyale mara mbili. Kisha akampa Elisha, akamjulisha kuwa wako watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Tazama mpangilio huo: usingizi, chakula, kusikilizwa, mwenzi. Kazi alirudishiwa, ila hakurudishwa peke yake.

Tufuate mpangilio huohuo. Mkuu wa shule, ukimwona mwalimu amebadilika, zungumza naye faraghani kabla ya kumwandikia barua ya onyo. Mzazi, usimgombeze mwalimu mbele ya mwanao. Na ninyi wanajumuiya, hasa mahali kama Pemba ambako Wakristo ni wachache: mwalimu akihamia kwenu, tunamfanya katibu, msomaji wa masomo na mlezi wa kwaya, yote kwa mwezi mmoja, kwa sababu anajua kuandika. Je, kuna aliyemwalika kula? Kanisa linaweza kuwa mkondo wa tatu wa mtu aliyekwisha kumaliza miwili.

Tukumbuke pia kwamba wengi wa walimu wa Pemba ni ndugu zetu Waislamu. Uchovu hauulizi dini, na upendo wetu usiulize.

Liko jambo jingine. Bara tukisikia Mirembe, na Zanzibar wakisikia Kidongo Chekundu, watu hucheka au hunong'ona. Aibu hiyo inawafanya wagonjwa wajifiche. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa ni Mungu aliyemuumba, na katika sura hiyohiyo anamhimiza mgonjwa asali. Hakuviweka viwili hivyo vigombane. Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usimwache peke yake na usimtangaze kwenye jumuiya. Kaa naye, kisha mfuatane hospitali.

Nawe mwalimu unayesoma, kusema umeelemewa si dhambi. Musa alimwambia Mungu waziwazi kwamba hawezi kuwabeba watu wale peke yake, naye Mungu akampa wazee 70 wa kumsaidia.

Kila tarehe 7 Aprili Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohane Baptista de la Salle, msimamizi wa walimu, na tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani. Siku hizo hotuba nzuri hazikosekani. Lakini usisubiri siku hizo. Leo, Misa ikiisha, mtafute mwalimu mmoja. Usimwombe chochote. Mwulize amelalaje, kisha subiri jibu lake.