Tusiifiche Hasara

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tunaona kwamba neno hilo linamhusu pia mwenye kuficha hasara.

Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani mwaka 2020, watalii waliacha kuja kupanda Mlima Kilimanjaro. Wapagazi, wapishi na madereva walirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini si wote waliosema. Wapo akina baba walioendelea kutoka kila asubuhi kama waendao kazini, wakarudi jioni na vitu vya mkopo kutoka dukani. Michango ya harusi walitoa kama zamani, ili majirani wasitambue. Mambo hayo tunayaona hata leo, biashara inapoanguka au mtu anapopunguzwa kazini.

Siri ya namna hii huutesa mwili. Mwenye nayo hukosa usingizi, huumwa kichwa, hukasirika upesi, na wengine hukimbilia pombe. Tena, kwa kuwa familia haijui, matumizi hupunguzwa mahali pasipostahili. Baba huacha kimyakimya vidonge vyake vya shinikizo la damu, kumbe kuviacha kunaweza kumletea kiharusi. Watoto hukosa mboga, lakini soda ya mgeni haikosekani.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: baba na mama waketi pamoja, wahesabu kilichobaki, kisha wawaeleze watoto wakubwa kwa maneno machache. Halafu wakubaliane kinachopunguzwa kwanza: michango mikubwa ya sherehe, pombe, soda, vocha za simu, nguo mpya. Dawa, chakula cha watoto, na chakula cha mama mjamzito au anayenyonyesha viguswe mwisho kabisa.

Chakula bora si lazima kiwe ghali. Ugali kwa maharage hujenga mwili hata nyama isipopatikana. Dagaa wakiliwa wazima pamoja na mifupa yao huleta madini ya chokaa. Mnafu na mchicha huota kando ya nyumba. Pera au chungwa likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kupata madini ya chuma. Lakini chai inywe baadaye, maana huyazuia. Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6.

Wapo watakaosema kwamba kukiri umaskini ni aibu. Sisi hatukubali. Maria na Yosefu walipompeleka Mtoto Yesu Hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili, yaani sadaka ya wasioweza kununua mwana-kondoo. Walitoa walichokuwa nacho, mbele ya watu wote.

Nasi tulio katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuna wajibu wetu. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku zile 7 walipoketi naye wakiwa kimya. Walikosea walipoanza kumlaumu. Jirani akipata hasara, tumtembelee, tusimwulize alikosea wapi, na tumsamehe mchango kabla hajaomba. Tukiona hali wala halali, au anasema amechoka kuishi, tusimwache peke yake. Tufuatane naye hadi zahanati siku hiyo hiyo.

Mali huweza kurudi polepole. Tuilinde afya, ili ikirudi itukute tungali hai.