Widelux si pambo la kabati

Jana nimeona tena jamaa amepost Widelux yake ndani ya kabati la kioo, taa ya samawati chini, muziki wa polepole. Nikamuuliza, picha ziko wapi? Ati hajawahi kuitia filamu, anaogopa itaharibika.

Manze, kuifungia ndiyo kuiharibu!

Kwa wale hawajui, Widelux ilitengenezwa Tokyo na kampuni ndogo inaitwa Panon. Haipigi pano kama simu yako, ile inashona vipande halafu programu inaficha mishono. Ndani yake filamu imepinda kama nusu ya mkebe, na ukibonyeza, lenzi yenyewe inazunguka digrii 140, mwanga ukipita kwa mwanya mwembamba. Kwa hivyo upande mmoja wa picha ulipigwa kabla ya ule mwingine. Gari likienda sambamba na lenzi linarefuka, likija kinyume linafinyika. Jeff Bridges, yule mwigizaji, ana picha za waigizaji wenzake ambapo mtu mmoja yuko mara mbili kwa fremu moja. Hakuna kompyuta hapo, ni mtu kukimbia tu.

Sasa, hiyo lenzi inasukumwa na springi na giya. Hakuna betri. Ikikaa bila kuguswa grisi inakauka, lenzi inazunguka ikikwamakwama, na picha zinatoka na mistari ya wima. Utapeleka wapi? Utengenezaji uliisha 2000, kiwanda kikaungua 2005. Vipuri vya Widelux vinatoka kwa maiti ya Widelux nyingine. Halafu wewe umeifungia kwa kioo unaita "mtoto wangu". Mtoto gani huyo haruhusiwi kutoka nje?

Na usiniambie ati Bridges na Wajerumani fulani wanaifufua kwa jina la WideluxX. Najua, na niko nyuma yao. Kwani hiyo inakupa ruhusa ya kuozesha za zamani?

Sawa, mimi pia si malaika. Nilipoacha chuo nilikuwa nabebea mzee mmoja mpiga picha mabegi. Akaniazima yake wikendi moja. Nilifanya nini? Nikapanda juu ya jengo River Road, nikapigwa picha nimeishika, ndani hakuna filamu. Kiki nilipata, si uongo. Jumatatu nikairudisha, mzee akauliza, "Kijana, picha ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Alitia filamu, tukashuka Tom Mboya jioni.

Filamu ya picha 36 inakupa 21 tu. Kasi ni tatu, fokasi hakuna ya kurekebisha. Fremu zangu tatu za kwanza zina vidole vyangu pande zote mbili, maana lenzi inaona hadi mahali umeshika. Lakini ya tisa, kwa kasi ya 1/15, kuna matatu imerefuka kama treni, na makanga ananing'inia mlangoni. Ile ya kujipozi niliifuta kitambo. Hii ya matatu iko ukutani kwangu hadi leo.

So kama una Widelux na huna mpango wa kupiga, uzia mtu atapiga. Ama niazime. Nitakurudishia na fremu 21, tatu zikiwa na vidole.